Kuhudumia hazina ya Git yenye reftable kupitia itifaki bubu ya HTTP: mwongozo kamili

Git ilipoanza kukubali reftable katika toleo la 2.45, lililotoka Aprili 2024, wasimamizi wengi walivutiwa na kasi ya umbizo hilo jipya la kuhifadhi marejeo, yaani majina ya matawi na lebo. Wachache walikumbuka kwamba bado zipo hazina zinazosomwa kwa njia ya zamani kabisa, yaani itifaki bubu ya HTTP, ambayo seva yake haijui lolote kuhusu Git na hutoa faili za hazina kama inavyotoa picha au ukurasa wa kawaida. Itifaki erevu, ambayo seva yake huendesha Git na kuzungumza na mteja, iliingia na Git 1.6.6 mwishoni mwa 2009, lakini ile bubu haikufa, kwa sababu kuna mahali ambapo huwezi kuendesha programu yoyote upande wa seva na unachopewa ni nafasi ya kuweka faili tu.

Mwongozo huu unamlenga msimamizi anayetaka kuhamia reftable bila kuwafungia mlango wasomaji wa namna hiyo. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mteja wa itifaki bubu hajawahi kuhitaji kujua marejeo yamehifadhiwa kwa umbizo gani, kwa kuwa anasoma faili mbili za maandishi, `info/refs` yenye orodha ya marejeo, na `HEAD` inayotaja tawi kuu. Ya kwanza huzalishwa sawasawa chini ya umbizo lolote. Ya pili ndiyo inayoharibika, tena kimyakimya.

Mteja bubu anaomba nini hasa

Unapoendesha `git clone` kwa anwani ya HTTP, ombi la kwanza la mteja huwa ni `info/refs?service=git-upload-pack`. Seva erevu hujibu kwa aina maalumu ya maudhui. Seva ya faili hupuuza kilichoandikwa baada ya alama ya kuuliza na kurudisha faili kama ilivyo, na kwa kuona aina ya maudhui si ile aliyoitarajia, mteja hutambua kwamba anashughulika na seva bubu. Faili anayoipokea ina mstari mmoja kwa kila rejeo, ukianza na heshi (utambulisho unaokokotolewa kutoka kwenye maudhui), kisha tabo, kisha jina:

```
9f2c41d07be8a6535c10e94fd2a87b3660c1e5d4	refs/heads/main
c07e19ab54d3f8261be07c95a8f2643d17e0b95c	refs/tags/v1.0
9f2c41d07be8a6535c10e94fd2a87b3660c1e5d4	refs/tags/v1.0^{}
```

Mstari unaoishia na `^{}` unaonyesha objekti (kipande cha data ya hazina, kama komiti au faili) ambayo lebo yenye maelezo inaielekea. Urefu wa heshi nao hutoa habari: herufi 40 humjulisha mteja kwamba hazina inatumia SHA-1, na herufi 64 kwamba inatumia SHA-256. Itifaki bubu haina namna nyingine ya kulitangaza jambo hilo.

Angalia kwamba `HEAD` haimo katika orodha hiyo. Mteja huiomba peke yake, kwa anwani ya `HEAD` moja kwa moja, na hutarajia ama maandishi ya mfano wa `ref: refs/heads/main`, ama heshi tupu. Baada ya hapo huanza kutembea kutoka objekti moja hadi nyingine: huomba `objects/9f/2c41…`, na asipoipata husoma `objects/info/packs` ili ajue majina ya mafurushi (faili zinazobeba objekti nyingi pamoja), huvuta faharasa zake, kisha huvuta furushi lenye anachokitafuta. Katika safari yote hiyo hagusi `config`, hagusi `packed-refs`, wala hafungui folda ya `refs`. Kwa hiyo hata mteja mkongwe, aliyeandikwa miaka mingi kabla ya reftable, anaweza kusoma hazina ya reftable ilimradi faili hizo mbili ziwe sahihi.

Reftable inabadilisha nini kwenye diski

Umbizo hili lilibuniwa na Shawn Pearce wa Google mwaka 2017 kwa ajili ya JGit, yaani Git iliyoandikwa kwa Java, kwa sababu hazina kubwa zilikuwa zimeshinda mfumo wa faili moja kwa kila rejeo. Maelezo yake rasmi yanataja hazina ya Android yenye marejeo yapatayo 866,000. Badala ya faili ndogondogo na `packed-refs`, marejeo hukaa katika majedwali yaliyopangwa kwa jina, ndani ya folda ya `reftable`, na faili ya `tables.list` hutaja majedwali yaliyo hai kwa mpangilio wake. Kila badiliko huongeza jedwali jipya juu ya rundo, na mara kwa mara Git huyaunganisha kadhaa kuwa moja na kuyafuta yale ya zamani.

Yanayotuhusu zaidi ni mabaki yanayoachwa nje ya folda hiyo. Ukifungua hazina ya reftable utakuta hivi:

```
$ cat HEAD
ref: refs/heads/.invalid
$ cat refs/heads
this repository uses the reftable format
```

`HEAD` hiyo ni kinyago. Imewekwa ili programu inayotafuta hazina itambue kwamba hapa pana hazina ya Git, na tawi lake limepewa jina lisiloruhusiwa makusudi, ili programu ya zamani isije ikadhani imeielewa na kuanza kuandika humo. `HEAD` ya kweli imo ndani ya majedwali. Vivyo hivyo `refs/heads`, ambayo kwa kawaida ni folda, hapa ni faili, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuunda tawi ndani yake kwa bahati mbaya.

Seva ya faili haijui tofauti hiyo. Inamkabidhi mteja kinyago kile kile, mteja analitafuta tawi la `.invalid` katika `info/refs`, halipati, naye anaamua kwamba hazina hii haina `HEAD`. Objekti zote zinashuka na matawi yote ya mbali yanaonekana, ila mara nyingi mwishoni Git inaonya kwamba `HEAD` ya mbali inaelekeza kwenye rejeo lisilokuwapo, na folda ya kazi inabaki tupu. Mara ya kwanza nilipokutana na hali hii nilipoteza muda mrefu nikichunguza ruhusa za faili kwenye seva, kwa sababu kazi iliyofanikiwa kwa sehemu kubwa hukufanya utafute kosa mahali pasipo penyewe. Dalili ya haraka ni `git ls-remote`: orodha ikianza na `refs/heads/…` bila mstari wa `HEAD` juu yake, tatizo ni hili.

Mtumiaji aliyekwama anaweza kujikwamua kwa `git clone -b main`, kwa kuwa tawi alilolitaja lipo katika `info/refs`. Hiyo ni dawa ya muda tu. Usiiandike katika maelekezo ya hazina yako kana kwamba ndiyo njia ya kawaida.

Kuhamisha hazina

Hakikisha seva ina Git 2.46 au mpya zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyoleta amri ya kuhamisha, na ningeshauri 2.48 au zaidi, ambayo huhamisha pia kumbukumbu za mabadiliko ya marejeo. Hazina yenye folda za kazi za ziada zilizoundwa kwa `git worktree` haihamishiki kwa amri hii, na amri yenyewe haina njia ya kuwazuia watu wengine wasiandike wakati inaendelea. Kwa hiyo funga kwanza njia ya kusukuma, kisha:

```
cd /srv/git/ramani.git
git refs migrate --ref-format=reftable --dry-run
git refs migrate --ref-format=reftable
git rev-parse --show-ref-format
```

Amri ya pili hufanya jaribio katika folda ya pembeni na kukutajia jina lake, bila kuigusa hazina. Ya mwisho inapaswa kujibu `reftable`. Katika `config` utaona `repositoryformatversion` imekuwa 1 na `extensions.refStorage` imeongezwa. Kwa hazina mpya, `git init --bare --ref-format=reftable` inatosha.

Faili ya `info/refs` iliyokuwapo kabla ya uhamisho haiguswi, na hapo ndipo mtego mwingine ulipo: kwa siku kadhaa wasomaji wanaweza kuendelea kupata orodha ya zamani bila mtu kutambua. Usiiache hivyo hata kwa saa moja.

Ndoano inayoandika faili zote mbili

`git update-server-info` huandika `info/refs` na `objects/info/packs`. Kwa kuwa inayapata marejeo kupitia mfumo wa ndani wa Git, na si kwa kusoma folda ya `refs`, inafanya kazi vilevile chini ya reftable. Kinachokosekana ni `HEAD` ya kweli, nasi tutaiandika wenyewe katika faili ya pembeni, `info/kichwa`. Ndoano ni skripti ambayo Git huiita yenyewe tukio fulani likitokea. Weka skripti hii katika `hooks/post-update` na uipe ruhusa ya kuendeshwa:

```
#!/bin/sh
git update-server-info || exit 1

if tawi=$(git symbolic-ref -q HEAD)
then
	printf 'ref: %s\n' "$tawi"
else
	git rev-parse --verify HEAD
fi >info/kichwa.$$ &&
mv -f info/kichwa.$$ info/kichwa
```

Skripti huandika kwanza faili yenye namba ya mchakato, kisha huibadilisha jina, ili msomaji anayeomba katikati ya kazi apate ama faili ya zamani nzima ama mpya nzima, wala asipate nusu. Sehemu ya pili ya sharti inahudumia hazina ambayo `HEAD` yake imeelekezwa kwenye heshi moja kwa moja, bila tawi.

Wapo watakaojiuliza kwa nini tusiandike juu ya kinyago chenyewe. Inawezekana, na kwa Git ya leo huenda usione madhara yoyote, lakini utakuwa umeondoa kizuizi kilichowekwa ili programu zisizoijua reftable zisiingie. Programu kama hiyo ikikuta `ref: refs/heads/main` itaamini kwamba inaielewa hazina, na itaona hazina isiyo na tawi hata moja. Acha kinyago mahali pake na umpe msomaji wa nje jibu lingine.

Ndoano ya `post-update` huendeshwa baada ya watu kusukuma mabadiliko, na si vinginevyo. Ukifuta tawi ukiwa ndani ya seva, au ukibadilisha tawi kuu kwa `git symbolic-ref HEAD refs/heads/kuu`, hakuna kitakachoandikwa upya mpaka uendeshe `hooks/post-update` mwenyewe ukiwa ndani ya folda ya hazina. Kuna ndoano nyingine, `reference-transaction`, inayoitwa kwa kila badiliko la marejeo, na inavutia kuitumia katika hali yake ya `committed`. Hata hivyo huitwa mara nyingi mno katika hazina yenye shughuli, na kuandika upya orodha ya marejeo maelfu kwa kila mwito ni mzigo usio na tija. Mimi huiita skripti hii mwishoni mwa kila kazi ya usimamizi inayogusa marejeo.

Mpangilio wa `receive.updateServerInfo` nao upo, lakini hautoshi hapa, kwa sababu hauandiki `info/kichwa`.

Upande wa seva ya wavuti

Ikiwa seva yako inaweza kuendesha `git http-backend`, sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu. Programu hiyo huwahudumia wateja erevu, na hata mteja bubu akija humtungia `info/refs` na `HEAD` papo hapo kutoka kwenye marejeo yenyewe. Yanayofuata ni ya seva inayotoa faili tu. Kwa nginx:

```
server {
    listen 80;
    root /srv/git;

    location ~ ^/([^/]+\.git)/HEAD$ {
        default_type text/plain;
        add_header Cache-Control "no-cache";
        try_files /$1/info/kichwa =404;
    }
    location ~ ^/[^/]+\.git/(info/refs|objects/info/packs)$ {
        default_type text/plain;
        add_header Cache-Control "no-cache";
    }
    location ~ ^/[^/]+\.git/objects/ {
        add_header Cache-Control "public, max-age=31536000";
    }
    location / {
        return 404;
    }
}
```

Kwa Apache, mstari mmoja wa `AliasMatch` unaopeleka anwani ya `HEAD` kwenye `info/kichwa` hufanya kazi ileile.

Mambo mawili katika mpangilio huu yanastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni akiba za njiani. Objekti na mafurushi hayabadiliki kamwe, kwa kuwa jina la kila objekti linatokana na maudhui yake, hivyo yanaweza kukaa katika akiba mwaka mzima; lakini `info/refs`, `HEAD` na `objects/info/packs` hubadilika, na akiba ikishika moja ikaiachia nyingine, msomaji ataona orodha mpya ya marejeo pamoja na orodha ya zamani ya mafurushi, kisha atashindwa kupata objekti iliyo dhahiri kwenye diski.

La pili ni mlango wa mwisho, ule wa `return 404`. Chini ya mfumo wa zamani wasimamizi wengi waliifunga folda ya `logs` wakaona wameficha kumbukumbu za mabadiliko. Katika reftable kumbukumbu hizo hukaa ndani ya majedwali yaleyale ya marejeo, pamoja na majina na anwani za barua pepe za waliofanya mabadiliko, na heshi za matawi yaliyokwisha kusahauliwa. Hazina ya seva isiyo na folda ya kazi haiandiki kumbukumbu hizo kwa kawaida, lakini iliyohamishwa kutoka kwingine inaweza kuwa nazo. Folda ya `reftable` haina sababu yoyote ya kusomeka kutoka nje, nayo `config` na `hooks` vilevile. Ruhusu vichache vinavyohitajika na ukatae vingine vyote.

Ukiwa hapo, isome `info/refs` yenyewe kwa macho. Inaorodhesha kila rejeo lililomo, yakiwemo yale ya majaribio ambayo huenda hukukusudia kuyatangaza.

Unapopakia kwenye hifadhi tuli

Mahali ambapo huwezi hata kubadilisha anwani, kama hifadhi ya faili isiyo na mipangilio, inabidi utengeneze nakala ya kuchapishwa ambamo faili iitwayo `HEAD` ni ile `info/kichwa` yetu. Hapa ndipo mpangilio wa kupakia unapoamua kila kitu: mteja hapaswi kamwe kuona rejeo linaloelekea objekti isiyokuwapo bado. Objekti zitangulie, zifuatwe na orodha ya mafurushi, kisha `info/refs`, na `HEAD` iwe ya mwisho, kwa kuwa inaweza kulitaja tawi ambalo limezaliwa katika duru hiyohiyo.

```
#!/bin/sh
set -e
cd /srv/git/ramani.git
lengo=/srv/tuli/ramani.git
muda=$(mktemp -d)
exec 9>/tmp/ramani.lock
flock 9

hooks/post-update
cp info/refs info/kichwa objects/info/packs "$muda"/

mkdir -p "$lengo/objects/info" "$lengo/info"
rsync -a --exclude=/info/ --exclude='tmp_*' objects/ "$lengo/objects/"
rsync -a "$muda/packs"  "$lengo/objects/info/packs"
rsync -a "$muda/refs"   "$lengo/info/refs"
rsync -a "$muda/kichwa" "$lengo/HEAD"
```

Ukiondoa `--exclude=/info/`, rsync itafuata alfabeti, na kwa kuwa `info` hutangulia `pack`, orodha ya mafurushi itafika kabla ya mafurushi yenyewe. Kwa hazina ndogo hutaliona kosa hilo. Kwa hazina ya gigabaiti kadhaa, dirisha la makosa hudumu kwa muda wote wa upakiaji.

Nakala inayochukuliwa mapema katika folda ya muda ina sababu yake pia. Mtu akisukuma mabadiliko wakati rsync inaendelea, ndoano itaiandika upya `info/refs`, na ungeichukua mwishoni ungechapisha marejeo ambayo objekti zake hazikupanda katika duru hii. Nakala ya mapema inahakikisha kwamba marejeo ni ya zamani kidogo kuliko objekti, jambo lisilo na madhara.

Linabaki tatizo la usafi. `git gc` ikiunganisha mafurushi katikati ya kazi, orodha uliyoinakili inaweza kulitaja furushi lililokwisha kufutwa kabla ya kupakiwa. Zima usafi wa kujianzisha kwa `git config receive.autogc false` na `git config gc.auto 0`, kisha uendeshe `git gc` mwenyewe chini ya kufuli lilelile la `flock`. Mafurushi ya zamani upande wa nakala usiyafute papo hapo kwa `--delete`. Yaache kwa siku moja au zaidi, kwa sababu kuna msomaji aliyeshika orodha ya zamani ambaye bado anayavuta.

Njia mbadala: kioo chenye umbizo la zamani

Unaweza pia kuiacha hazina ya reftable nyuma, na kuweka mbele yake kioo chenye umbizo la faili ambacho ndicho kinachoonekana na seva ya wavuti:

```
git init --bare --ref-format=files /srv/umma/ramani.git
git --git-dir=/srv/umma/ramani.git config receive.updateServerInfo true
```

Kisha ndoano ya hazina ya nyuma iwe na mistari hii miwili:

```
git --git-dir=/srv/umma/ramani.git symbolic-ref HEAD "$(git symbolic-ref HEAD)"
git push --quiet --mirror /srv/umma/ramani.git
```

`HEAD` inatangulia kwa sababu kioo hukataa kufuta tawi ambalo `HEAD` yake inalielekea. Ukibadilisha jina la tawi kuu na kuanza na `push`, ufutaji wa jina la zamani utakataliwa. Hasara za njia hii ni nafasi maradufu kwenye diski, na hatari moja isiyotajwa sana: reftable inaruhusu matawi `Ramani` na `ramani` kuishi pamoja popote, ilhali umbizo la faili kwenye mfumo wa diski usiotofautisha herufi kubwa na ndogo litayagonganisha. Faida yake ni kwamba huhitaji kubadilisha chochote kwenye seva ya wavuti. Kwa hazina chache na ndogo ningechagua kioo bila kusita. Kwa hazina kubwa ningerudi kwenye `info/kichwa`.

Kusukuma kwa WebDAV

Wapo wanaosukuma mabadiliko kupitia HTTP bubu kwa msaada wa WebDAV, nyongeza ya HTTP inayomruhusu mteja kuandika faili kwenye seva. Njia hiyo haiwezi kuhamia reftable, kwa sababu mteja ndiye anayeandika faili ya `refs/heads/main` kwa mkono wake, na katika hazina mpya `refs/heads` ni faili inayomgomea. Kwenye kioo hali ni mbaya zaidi, kwani ataandika na kufanikiwa, kisha `push --mirror` inayofuata ifute alichokiandika. Funga WebDAV na uwahamishie waandishi wote kwenye SSH.

Je, mteja asisome majedwali moja kwa moja?

Wazo hili huwajia wengi: mteja avute `tables.list`, kisha majedwali, ayaunganishe mwenyewe, na `info/refs` isihitajike tena. Linavutia zaidi kwa hazina kubwa, kwa sababu faida ya reftable haimfikii kabisa mteja bubu. Kila mstari wa `info/refs` una heshi ya herufi 40 pamoja na jina, hivyo marejeo 866,000 ni makumi ya megabaiti zinazoshushwa kila anapovuta, hata kama ni tawi moja tu lililobadilika. Kuibana faili kunasaidia kiasi, kwani heshi hazibaniki vizuri. Jedwali la reftable lina faharasa yake, na mteja mwerevu angeweza kuomba vipande tu.

Ugumu uko kwenye muungano wa majedwali. Kati ya kusoma `tables.list` na kuomba jedwali lililotajwa humo, seva inaweza kuwa imeliunganisha na mengine na kulifuta. Msomaji wa ndani ya mashine hurudi kusoma orodha upya na kujaribu tena, na hufanikiwa upesi. Msomaji wa mbali, mwenye akiba za njiani ambazo hana mamlaka nazo, anaweza kuzunguka hivyo mara nyingi. Ongeza suala la kumbukumbu za mabadiliko tulilolitaja, na wateja wa zamani ambao wasingeelewa lolote. Kwa maoni yangu aliye na marejeo mengi kiasi hicho anahitaji itifaki erevu, na juhudi ya kumfundisha mteja bubu umbizo jipya ingekuwa imepotea bure.

Kuhakiki

Jaribu kama mteja bubu hata pale seva inapoweza kuwa erevu, kwa kuzima uerevu upande wako:

```
GIT_SMART_HTTP=0 git ls-remote http://localhost/ramani.git
GIT_SMART_HTTP=0 GIT_TRACE_CURL=1 git clone http://localhost/ramani.git jaribio
```

Mstari wa kwanza wa `ls-remote` uwe `HEAD`, na heshi yake ilingane na ya tawi kuu. Katika ufuatiliaji wa amri ya pili tafuta majibu ya 404. Machache kwenye `objects/` ni ya kawaida, kwa kuwa mteja hujaribu objekti iliyo peke yake kabla ya kugeukia mafurushi. 404 kwenye `HEAD` maana yake ni kwamba ndoano haijawahi kuendeshwa. Na 404 kwenye `info/refs` humfanya mteja atangaze kwamba hazina haipo, ingawa iko palepale. Usijaribu kwa `--depth`, kwa kuwa itifaki bubu haiwezi kuvuta historia iliyokatwa, na kushindwa kwake hakuhusiani na reftable.

Mwisho, linganisha kilichochapishwa na marejeo ya kweli. Ukiwa ndani ya hazina:

```
git for-each-ref --format='%(objectname)%09%(refname)' >/tmp/kweli
grep -v '\^{}$' info/refs | diff /tmp/kweli -
```

Ukimya ndio jibu zuri. Iweke amri hii katika ratiba ya kila saa. Siku itakapotoa mstari wowote, tafuta nani amebadilisha rejeo akiwa ndani ya seva bila kuiita ndoano.